Sauti Ipitayo Juu ya Kiambaza: Habari za Nyumba za Handeni na Korogwe

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za jambo ambalo kila mtu amelipata nyumbani mwake, wala hakulifikiri sana. Ni usiku, na watu wamelala. Mgonjwa anamweleza mkewe habari za ugonjwa wake kwa sauti ya chini, na kumbe mpangaji wa chumba cha pili asikia kila neno. Kabla jua halijapanda, habari ile imekwisha fika kisimani. Mwenye nyumba akiulizwa, hujibu kwamba kiambaza ni chembamba, na kwamba siku atakapopata fedha atajenga kingine kwa matofali ya saruji. Sisi twaona kwamba katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe kiambaza hushitakiwa bure. Wazee husema kuwa nyumba usiyolala hujui ila yake. Basi natuitafute ila hiyo, nasi tutaanza mbali kidogo, maana nyumba hizi zina historia.

Kusini ya mto Pangani ni nchi ya Wazigua, ambayo mji wake mkubwa ni Handeni. Karibu na mto, chini ya milima ya Usambara, uko mji wa Korogwe, mahali wakutanapo Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa na hofu nyingi, kwa kuwa biashara ya watumwa ilikuwa imeingia bara kwa njia za Pangani na Saadani. Richard Burton na John Speke walipopita bonde la mto huo mwaka wa 1857, wakienda Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, walipita katika nchi ambayo kijiji hakikujengwa peupe. Vijiji vingi vilifichwa ndani ya vichaka vizito au vilizungushiwa boma la miti, na njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba yenye lango.

Nyumba ya kale katika vijiji vile ilikuwa ya msonge, yaani ya mviringo. Miti ilichimbiwa ardhini, ikafungwa fito kwa kamba za magome, ikakandikwa udongo, na paa la nyasi likashuka mpaka karibu na ardhi. Katika nyumba ya namna hii hapakuwa na haja kubwa ya kuuliza kama sauti yatoka chumba kimoja na kuingia kingine. Mume mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili, na vijana walikuwa na bweni lao. Aliyetaka siri aliipata kwa umbali: uwanja uliokuwa kati ya nyumba na nyumba ndio uliokuwa ukuta. Tena usisahau kwamba watu wa wakati ule hawakutaka kuzibwa masikio usiku. Walitaka kusikia kijiti kikivunjika nje ya boma.

Nyumba ya vyumba vingi ilitoka pwani. Ni ile ya pembe nne, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na wafanyabiashara waliipeleka bara kwa njia za misafara. Kisha mwaka wa 1898 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walianza kutoza kodi ya nyumba. Kodi ile ilihesabiwa kwa nyumba, wala haikuhesabiwa kwa vichwa vya watu. Na mwenye vibanda vitatu hakuhitaji mwalimu wa hesabu kumwonyesha faida ya kuwa na nyumba moja yenye vyumba vitatu. Hatusemi kwamba kodi peke yake ndiyo iliyoleta nyumba kubwa, ila nayo ilisukuma upande huo huo. Hivyo watu waliokuwa wametengwa na uwanja walianza kutengwa na udongo wa unene usiofika shubiri moja.

Huko Korogwe mambo yalikwenda mbio zaidi. Mwaka wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Iliyookoka safarini ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo kazi ya reli ilianzishwa Tanga, na mwaka wa 1902 gari la moshi lilifika Korogwe. Mashamba ya mkonge yakaifuata reli, na mashamba yakaleta kambi za manamba: safu za vyumba vilivyoshikana chini ya paa moja refu. Mtu aliyetoka mbali alilala kichwa chake kimegusa ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo huo kililala kichwa cha mtu ambaye hakujua hata lugha yake. Aliyefanya kazi usiku alitaka kulala mchana, na mchana korona, mashine ile ya kusaga majani ya mkonge, ilinguruma, na watoto walicheza mlangoni. Wajukuu wa watu hao wamo kati ya wenye nyumba katika Korogwe ya leo, mji uliokaa juu ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, ambapo tangu mwaka wa 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha.

Sasa tufike kwenye paa. Na hapa twaomba twende polepole, kwa sababu ndipo ilipo ila tunayoitafuta.

Katika nyumba ya udongo yenye vyumba vingi, viambaza vya nje vilibeba mtambaapanya, na juu ya mtambaapanya zilikaa nguzo na fito za paa. Viambaza vya katikati, vilivyotenga chumba na chumba, viliishia usawa ule ule. Juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye mwamba wa paa. Fundi hakufanya hivyo kwa uvivu: moshi wa jikoni ulitaka njia ya kutokea, na joto la mchana lilitaka mahali pa kupanda. Basi sauti nayo ilipanda kwa njia hiyo hiyo. Lakini ilipofika juu ilikuta nyasi zenye unene wa shubiri na zaidi, zenye matundu madogo maelfu kwa maelfu. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hewa ikiingia katika matundu madogo husuguana na majani makavu, nguvu yake ikawa joto dogo sana lisiloonekana, na sauti ikafa. Kidogo sana kilishuka chumba cha pili.

Bati lenye mikunjo lilianza Uingereza: Henry Robinson Palmer alipewa hati ya kulibuni London mwaka wa 1829. Kwetu lilifika kwa majahazi na meli, likakaa kwanza juu ya maduka, ofisi na nyumba za misheni, kisha juu ya nyumba za watu wenye fedha, na baada ya kiwanda cha ALAF kuanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1960 likaenea vijijini. Hatuwacheki walioliona kuwa baraka. Nyasi huvuja, huungua, hukaa nyoka na mende, na huhitaji kuezekwa upya mara kwa mara. Nazo nyasi nzuri zenyewe zinazidi kuwa mbali kadiri mashamba yanavyoongezeka. Lakini angalia lililotendeka. Watu walivua nyasi, wakaweka bati, na viambaza vya katikati wakaviacha vilivyo, vimeishia kwenye mtambaapanya. Bati ni gumu na laini, sauti haipati mahali pa kuingia. Ikipanda, hurudishwa chini kama mwanga urudishwavyo na kioo, na hushukia chumba cha pili. Mwenye nyumba akashangaa: udongo ni ule ule, jirani ni yule yule, mbona leo nasikia kila kitu?

Elimu ya kupima mambo haya si ya zamani sana. Mwaka wa 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard katika Marekani, aliambiwa atafute dawa ya ukumbi mpya wa masomo, ambamo maneno ya mwalimu yalivuma hata wanafunzi wasiweze kuyafahamu. Sabine hakuwa na mashine ya kupimia sauti kama tulizo nazo sasa. Alikuwa na zumari ya kinanda, saa ya kuandika nukta za dakika, na sikio lake. Alifanya kazi baada ya saa sita ya usiku, magari yalipokwisha tulia njiani. Alipiga zumari, akaikatiza, akahesabu muda mpaka sauti iliyobaki isisikike tena. Katika ukumbi mtupu sauti ilidumu nukta 5 na nusu. Kisha wasaidizi wake walileta mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaipanga, akapima tena. Na kabla ya asubuhi mito yote ilirudishwa mahali pake. Usiku baada ya usiku alijifunza kwamba kila kitu, mto, zulia, hata mwili wa mtu, humeza sehemu yake ya sauti, na sehemu hiyo yaweza kuandikwa kwa hesabu. Mwanamke wa Handeni aliyelala chini ya nyasi angalimwambia kwamba nyasi humeza vizuri, lakini hapana aliyekwenda kumwuliza.

Baadaye Sabine aligeukia swali letu hasa, sauti ipitayo katika ukuta, akaandika habari zake mwaka wa 1915. Alijengewa maabara huko Geneva, katika jimbo la Illinois, ikawa tayari mwaka wa 1918. Yeye mwenyewe alifariki mwanzo wa mwaka wa 1919, na Paul Sabine, jamaa yake, akaendelea na kazi. Namna yao ya kupima ndiyo itumikayo mpaka leo katika msingi wake. Hujengwa vyumba viwili visivyogusana, na kati yake huachwa uwazi kama mlango mkubwa. Ukuta utakiwao kupimwa hujengwa katika uwazi huo na kuzibwa kando zote. Sauti kubwa hupigwa chumba cha kwanza, hupimwa humo, kisha hupimwa chumba cha pili. Tofauti ndiyo kazi ya ukuta. Na kwa kuwa chumba kitupu huidumisha sauti na kuifanya ionekane kubwa, hesabu ya Sabine ya zile nukta hutumika kuisahihisha. Siku hizi shirika la kimataifa la vipimo, ISO, limeandika kanuni za kupima hivyo hivyo katika nyumba za watu, nazo zilitolewa mwaka wa 2014.

Kipimo chenyewe huitwa desibeli, kwa ukumbusho wa Alexander Graham Bell, mtu wa simu. Mnong'ono ni kama desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida, ukisimama meta moja kutoka kwa msemaji, ni kama 60. Zikipungua desibeli 10, sikio huona kana kwamba sauti imepungua nusu.

Sasa, ni kitu gani katika ukuta kizuiacho sauti? Richard Berger wa München alilieleza jambo hilo mwaka wa 1911: ni uzito. Hewa husukuma ukuta, ukuta hutikisika kidogo, nao husukuma hewa ya upande wa pili. Na kizito ni kigumu kutikisika. Kila uzito wa ukuta uongezwapo mara mbili, hupatikana desibeli 5 au 6 zaidi. Kiambaza cha udongo cha sentimeta 15 kina uzito wa kilo 250 hivi kwa kila meta ya mraba. Kikiwa kimekandikwa vizuri pande zote mbili, bila nyufa, chaweza kupunguza sauti kwa desibeli 45 hivi. Mazungumzo ya 60 yatabaki 15, na hapana sikio litakaloyafahamu. Ukuta wa matofali ya saruji wa unene ule ule ni mzito kupita huo kwa kidogo tu. Bati la paa, ambalo uzito wake ni kilo 3 hivi kwa meta ya mraba, halifiki hata desibeli 20.

Kwa hiyo udongo wa babu zetu haukuwa na aibu yo yote mbele ya saruji katika jambo hili. Lakini sikilizeni hesabu ya pili, ambayo wenye nyumba wengi hawaijui. Desibeli 45 maana yake ni kwamba katika sehemu 30,000 za nguvu ya sauti, ipitayo ni moja tu. Tundu huruhusu zote. Tuseme ukuta una urefu wa meta 3 na kimo cha meta 2 na nusu, na juu yake pameachwa ufa wa sentimeta 2 na nusu tu kutoka pembe hata pembe. Ufa huo ni sehemu moja katika 100 ya ukuta wote. Nao huteremsha kazi ya ukuta mzima kutoka desibeli 45 mpaka 20. Ukijenga ukuta wa mawe wa unene wa dhiraa nzima chini ya ufa huo, utabaki na 20 zile zile. Na katika nyumba tunazozisema, palipo wazi juu ya kiambaza si sentimeta mbili na nusu, ni pembe tatu nzima ya kimo cha mtoto. Mtu akivunja kiambaza cha udongo ili ajenge cha saruji, akakiishia kwenye mtambaapanya kama cha kwanza, amenunua saruji tu, utulivu hakuununua.

Dawa ya kwanza ni kukipandisha kiambaza mpaka chini ya bati, kwa matofali ya udongo au kwa fito na udongo, na kuziba mikunjo ya bati kwa udongo uliochanganywa na nyuzi fupi za mkonge ili usipasuke. Hapo utasikia lalamiko la joto, nalo ni la haki. Njia ya hewa iliyokuwa ikipita juu ya vyumba imefungwa. Kwa hiyo kila chumba lazima kipate dirisha lake na tundu la hewa katika ukuta wa nje, lenye wavu. Wavu si urembo. Wataalamu wa malaria wamethibitisha kwamba mbu wengi huingia kwa nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na paa. Mlango nao utazamwe chini: ukipitisha mkono, hupitisha na maneno.

Kuna jambo lingine ambalo kuta haziwezi kulitibu, nalo ni mvua. Mwaka wa 1973 watu wapatao milioni mbili katika Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza mafundisho ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya, na shule nyingi zilijengwa kwa haraka katika miaka iliyofuata, hata elimu ya msingi ikafikia kila wilaya. Paa la bati bila dari lilikuwa nafuu, nalo ndilo lililotumika mahali pengi. Mwalimu ye yote wa Handeni awezaye kukumbuka masika atakuambia lililo baki: mvua ikianza, huweka chaki chini, na watoto hukaa wakitazama juu mpaka iishe. Kila tone ni nyundo ndogo, na bati ni ngozi ya ngoma. Jambo hili nalo limewekewa kipimo. Mwaka wa 2006 zilitolewa kanuni za kunyesha mvua ya kutengenezwa juu ya paa katika maabara na kupima kelele yake chini. Dari nzito chini ya bati, yenye nyuzi au takataka kavu laini juu yake, husaidia sana, mradi isiwe na matundu.

Yawezekana kupata paa lisilopiga kelele tangu mwanzo? Hapa mkonge warudi katika habari yetu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wa Uswidi walishirikiana na ofisi ya utafiti wa majenzi ya Dar es Salaam, ambayo baadaye ilifanywa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kutengeneza bamba za saruji zenye nyuzi za mkonge. Bamba hizo zilikuwa nzito kuliko bati, na mvua juu yake haina mlio wa ngoma. Lakini zilikuwa na ugonjwa. Mwaka wa 1983 Hans-Erik Gram wa Uswidi alieleza kwa nini: ukali wa chokaa iliyomo katika saruji hula gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi, na baada ya muda bamba huwa kavu na rahisi kuvunjika. Gram alionyesha kwamba ukali huo waweza kupunguzwa kwa kuchanganya vumbi jingine katika saruji. Mafundi wengi hawakungoja; waliacha nyuzi, wakafanya vigae vidogo vya mchanga na saruji tupu. Twaona ni hasara kwa nchi ya Korogwe, maana plasta ya dari haina ukali huo, na katika nchi nyingi mafundi wa dari hutia mkonge ndani yake bila shida. Nyuzi zetu zasafiri mbali kwenda kutuliza nyumba za wengine.

Kwa wanafunzi watakao kupima wenyewe, mashine si lazima. Wahandisi wa simu wa Marekani walipima kwa maneno, na njia yao yafaa hata kijijini. Andikeni maneno 20 yasiyohusiana, kama vile jembe, kengele, samli, kiberiti. Mmoja aketi chumba cha kwanza, ayasome kwa sauti ya kawaida, akipumzika kidogo baada ya kila neno. Mwingine aketi chumba cha pili, mlango umefungwa, aandike ayasikiayo. Fanyeni hivyo usiku kumetulia. Hesabuni maneno yaliyo sawa, muandike hesabu hiyo kwa chaki nyuma ya mlango. Kisha fundi apandishe kiambaza mpaka bati, na udongo ukikauka rudieni kwa maneno mengine 20, msomaji yule yule na msikilizaji yule yule, maana masikio ya watu hayalingani.